Kurusha altralaiti Marekani bila kufilisika na bila kuumia: anza hapa

Nikiweka tu picha ya altralaiti yangu, kindege chepesi sana cha mtu mmoja, kwenye magrupu ya wasap ya Waswahili wa huku Minnesota, simu haitulii. Maswali ni yale yale. Hivi ni kweli hakuna leseni? Bei gani? Injini ikizima huko juu inakuwaje? Naweza kumpakia mke wangu? Nimejibu kwa voisi, nimejibu kwa meseji, nimejibu mpaka kwenye harusi za watu, sasa nimeona niandike yote sehemu moja ili mtu akiuliza nimtumie hii.

Majibu ya haraka haraka: ndiyo, leseni haitakiwi. Hapana, huwezi kumpakia mtu, kiti ni kimoja. Injini ikizima unatua, tena unatua vizuri tu kama ulifundishwa, na kama hukufundishwa ndo pale tunapoanza kuchangishana rambirambi. Kwa hiyo naomba ushike jambo moja kabla ya mengine yote. Watu wengi wananunua ndege kwanza, alafu mwalimu anatafutwa kama hela imebaki. Geuza hiyo. Mwalimu kwanza, hela ya parashuti pili, ndege mwisho. Ukiona hela haitoshi kwa mwalimu basi jua haitoshi kwa ndege pia.

Sheria kwa kifupi

Tangu Oktoba 1982 FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, wana kanuni inaitwa Sehemu ya 103, wenyewe wanaiita 103 tu. Chombo kikikaa ndani ya vipimo vyake hakisajiliwi, hakihitaji cheti cha ubora, na wewe huhitaji leseni wala kupimwa na daktari. Vipimo ni hivi: mtu mmoja tu, iwe kwa starehe na michezo sio biashara, uzito mtupu chini ya paundi 254 (kama kilo 115), tenki lisizidi galoni 5 (kama lita 19), mwendo kasi wa juu usizidi mafundo 55, yaani kama kilomita 102 kwa saa, na ikizimwa injini iweze kubaki hewani mpaka mwendo wa mafundo 24 au chini ya hapo, kama kilomita 44 kwa saa, kabla haijastoli. Kustoli ni pale bawa linapoacha kubeba kwa sababu pua imeinuliwa sana na mwendo umeisha. Nadharia inatosha, twende kwenye kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Bei hizi ni zile nilizokutana nazo mwenyewe nikitafuta na nikiwasaidia wenzangu, yako inaweza kupanda au kushuka kulingana na jimbo.

- Hela ya mafunzo: dola 2,000 mpaka 3,500. Kwa paramota, ile injini ya kubeba mgongoni na bawa la kitambaa, kozi ya siku nane kumi inaangukia humo humo. Kwa ndege ya mabawa au traiki, ile ya kigari cha magurudumu matatu kinachoning'inia chini ya bawa la kitambaa, unalipa kwa saa, ndege pamoja na mwalimu.
- Helmeti nzuri, dola 200 na kitu. Usichukue ya baiskeli.
- Hela ya chombo: ndege ya mabawa iliyotumika kama Quicksilver MX unaipata kwa dola 5,000 mpaka 10,000, paramota mpya na bawa lake inaenda dola 9,000 mpaka 14,000, ndege mpya ya 103 kama Aerolite 103 hiyo ni dola elfu ishirini na kitu kwenda thelathini na zaidi.
- Parashuti ya kuokoa ndege nzima: tenga dola 3,000 mpaka 5,000. Hii nitairudia huko chini.
- Sehemu ya kulaza: hanga la pamoja kwenye uwanja wa nyasi, dola 100 mpaka 250 kwa mwezi. Paramota inalala gereji kwako, ndo maana vijana wanaipenda.
- Muda. Asubuhi mbili tatu kwa wiki, na moyo wa kukubali kwamba nusu ya hizo upepo utakurudisha nyumbani.

Na hili sio hela ila liweke hapa hapa: soma bima zako. Bima nyingi za maisha zinauliza kuhusu kurusha ndege binafsi, jaza ukweli. Sisi tuna watu nyumbani wanatutegemea ada na matibabu, sio sawa waje kukuta bima imekataa kulipa kwa sababu ulificha.

Hatua kwa hatua

1. Panda kama abiria kwanza. Tafuta mwalimu mwenye ndege nyepesi ya viti viwili, mwambie unataka kuonja tu, nusu saa. Onja traiki, onja ya mabawa, kaangalie watu wa paramota wanavyoruka. Ukiweza nenda Oshkosh, Wisconsin, mwezi wa saba, kwenye maonyesho makubwa ya EAA, chama cha wapenda ndege ndogo. Kule wana kiwanja cha nyasi cha vindege vyepesi peke yake, na hapo hapo Oshkosh ndo John Moody alipowaonyesha watu mwaka 1976 glaida ya kubeba begani iliyofungwa injini, mchezo wote huu ukaanza kuchipuka. Kutoka Minneapolis ni saa nne tano kwa gari. Utajifunza zaidi ukiongea na wazee wa pale siku mbili kuliko mwezi wa video.

2. Weka karatasi zako sawa. Hapa ndugu zangu wageni nisikilizeni. Kurusha altralaiti hakuhitaji leseni, lakini kama unataka mafunzo yanayoelekea kwenye leseni na wewe sio raia, hata kama una grinikadi, TSA, idara ya usalama wa usafiri, lazima wakukague na kukupa kibali kabla mwalimu hajaanza. Usimfiche mwalimu hadhi yako ya uhamiaji, muulize siku ya kwanza na mfuate utaratibu.

3. Soma mpaka mwalimu aseme basi. Zamani kulikuwa na ruhusa maalum ya altralaiti za viti viwili za kufundishia, iliisha Januari 2008. Siku hizi unafundishwa kwenye ndege nyepesi iliyosajiliwa, na mwalimu mwenye cheti cha FAA. Sheria haisemi idadi ya masaa, mimi nakwambia usipange chini ya 12, wengi wetu tulifika 15 na hatukujuta. Usihesabu masaa tu, hesabu unachoweza: kuruka na kutua peke yako mara kumi mfululizo bila mwalimu kugusa stiki (usukani wa ndege), kutua na upepo wa pembeni, kuingia kwenye stoli na kutoka bila kushtuka, na kutua resi ikiwa imeshushwa chini kabisa kwenye sehemu uliyoichagua wewe. Hilo la mwisho lifanye mpaka ulichoke.

Ukifika saa 20 na kuendelea fikiria kumalizia leseni ya spoti kabisa, ile leseni ya urubani ya ndege nyepesi. Kima cha chini ni saa 20, 15 na mwalimu na 5 peke yako, pamoja na mitihani, umri kuanzia miaka 17, na kwa afya leseni ya udereva ya Marekani inatosha ilimradi FAA hawakukunyima cheti cha afya mara ya mwisho ulipoomba. Hapo sasa ndo unaweza kumpakia mama watoto, kwenye ndege ya viti viwili.

*Angalizo:* kama umeshawahi kurusha Cessna, yaani ndege ndogo ya kawaida, bado unatakiwa kufundishwa upya. Cessna ni nzito, ukipunguza resi inaendelea kwenda. Altralaiti ni nyepesi na ina mawaya na nguo zinazoshika upepo, injini ikizima mwendo unaisha ndani ya sekunde mbili tatu, kwa hiyo pua lazima ishuke PALE PALE, sio baada ya kujiuliza nini kimetokea. Marubani wazuri wa ndege kubwa wameumia kwa kutojua hili tu.

4. Sasa tafuta ndege, na uipime. Ukinunua iliyotumika nenda na mtu anayeijua aina hiyo. Na uende na mizani. Muuzaji atakwambia hii ni 103, ukiipima unakuta imezidi kilo kumi na tano kwa sababu mtu aliongeza breki, kioo, betri na tairi kubwa. Ikizidi, kisheria hiyo sio altralaiti tena, ni ndege isiyosajiliwa inayorushwa na mtu asiye na leseni, na FAA wana haki ya kukuomba uthibitisho. Parashuti na maboya ya majini yanapewa nafuu yake, parashuti peke yake ni mpaka paundi 24, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuiacha ili kupunguza uzito.

Angalia kitambaa cha bawa kama jua limekila, kitambaa cha Dacron kinaonekana kizima kumbe ukikikandamiza kinachanika. Angalia mirija ya alumini kama ina michubuko au imepinda hata kidogo, angalia waya kwenye viungo kama kuna uzi uliokatika, pitisha kitambaa laini juu ya waya, kikinasa ujue. Uliza injini imefanya kazi masaa mangapi tangu ifunguliwe mara ya mwisho. Hizi injini za Rotax za tu-stroki kama 503 kiwanda kinataka zifunguliwe kila masaa 300, asiyekuwa na daftari la kumbukumbu mhesabie kwamba masaa yameisha na ushushe bei kwa kiasi hicho.

5. Funga parashuti. Nazungumzia ile inayorushwa na roketi ikabeba ndege nzima, kama za BRS, kampuni iliyoanzia hapa hapa Minnesota. Nimesikia watu wanasema nitanunua mwakani. Mwakani hiyo haifiki, hela inaenda kwenye redio na geji za kupendeza. Inunue pamoja na ndege, ifungwe na anayejua, na ufuate tarehe za kuikunja upya na za roketi kuisha muda. Kabla ya kila safari toa pini ya usalama, ukitua irudishe. Iliyobaki na pini hewani haifunguki, na iliyoachwa bila pini ardhini inaweza kumuua mtoto anayechezea mpini.

6. Ielewe injini yako. Nyingi ni tu-stroki, za kuchanganya oili na petroli kama msumeno wa kukatia miti. Uwiano wa kawaida wa Rotax ni 50 kwa 1, galoni 5 za petroli unaweka oili kama mililita 380. Changanya kwenye dumu, tikisa, chuja ukimimina. Kama unapata petroli isiyo na ethanoli chukua hiyo, ethanoli inavuta maji na inakula mipaira. Kitabu cha Rotax chenyewe kinatahadharisha kwamba injini hizi zinaweza kuzima ghafla wakati wowote, kwa hiyo usiruke juu ya sehemu ambayo usingetaka kutua.

Mimi yangu ilizima mwaka wa pili, futi kama 300 hivi, juu ya shamba la soya. Ilikuwa ni mpaira wa mafuta wa dola nne uliokakamaa ukaanza kuvuta hewa, nilikuwa nimeuona una rangi ya njano wiki mbili kabla nikasema nitaubadilisha wikiendi. Mkono ulisukuma stiki mbele kabla akili haijafika, maana mwalimu alikuwa ananizimia injini kila siku bila kuniambia. Nikatua kwenye soya, nikamlipa mkulima mimea yake. Toka siku hiyo mipaira yote nabadilisha kila mwaka hata kama inang'aa.

7. Jua anga yako. Ingia SkyVector, tovuti ya ramani za anga, ni bure, angalia ramani ya pale unapotaka kurukia. Kwa 103 huruhusiwi juu ya sehemu zenye msongamano wa makazi wala mkusanyiko wa watu wa nje, unaruka mchana tu kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama, uone ardhi muda wote, na uzipishe ndege nyingine zote. Anga zinazosimamiwa na waongoza ndege, madaraja A, B, C, D na E ile inayogusa ardhi kuzunguka kiwanja, huingii mpaka upate ruhusa kabla. Na angalia NOTAM, yaani matangazo ya tahadhari kwa marubani, kila siku: mechi za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa mfano zinafunga anga maili 3 za baharini kuzunguka uwanja mpaka futi 3,000, saa moja kabla mpaka saa moja baada ya mechi. Wengi wa hapa wanakosea hii msimu wa mpira.

8. Safari kumi za kwanza peke yako. Ziwe za kuchosha. Upepo chini ya maili 8 kwa saa, masaa mawili ya kwanza baada ya jua kuchomoza au mawili ya mwisho kabla halijazama, maana mchana wa joto hewa inapanda na kushuka kama matuta. Mwalimu awepo ardhini. Zunguka kiwanja tu. Pasha injini dakika tatu nne kabla ya kukanyaga resi yote, pistoni inatanuka haraka kuliko silinda, ukikimbilia inang'ang'ania na kuzima ukiwa futi 50.

*Angalizo:* kuna wanaojifundisha kwa kurukaruka futi mbili tatu kwenye ranwei bila kusoma kwanza. Inaonekana salama. Kumbe ndege nyepesi ukiongeza resi kidogo unajikuta futi 20, ranwei imeisha, na hujui kutua. Usifanye.

9. Kabla ya kila safari, ukaguzi ule ule kwa mpangilio ule ule. Anzia pua, zunguka mkono wa kulia, malizia pua. Kila bolti, kila nati, kila pini, kila waya. Mtu akija kukusalimia katikati ya ukaguzi msalimie vizuri, alafu anza upya tangu mwanzo.

10. Ukiwa juu, kila dakika jiulize: ikizima sasa hivi natua wapi? Chagua shamba, elekea upepo, tafuta waya za umeme kwa kuangalia nguzo maana waya zenyewe huzioni. Ikizima wakati unapaa usigeuke kurudi, tua mbele yako. Kona ndo inaua: ndege inayostoli kilomita 44 kwa saa ikienda mnyoofu, ukiilaza nyuzi 45 inastoli kama 53, ukiilaza nyuzi 60 inafika 63. Mtu aliyeogopa anapunguza mwendo na kulaza zaidi kwa wakati mmoja, chini ya futi 200 parashuti nayo inaweza isipate muda wa kufunguka.

Ikileta matatizo

*Haiwaki asubuhi ya baridi.* Angalia choki, toa plagi uzione, zikiwa zimelowa kausha na upumzike dakika kumi. Usiivute kamba ukiwa umesimama karibu na propela bila kufunga magurudumu, na kwa paramota usiwashe ikiwa chini na mkono wako mmoja kwenye fremu, majeraha mengi ya mkono yanatoka hapo.

*Geji ya joto la moshi inapanda.* Kwa Rotax za kupozwa na hewa mwisho ni nyuzi 1,200 za Fareneheiti, kama 650 za Selsiasi. Ikikaribia ujue petroli ni kidogo kuliko hewa: kabureta chafu, chujio, au kuna sehemu inavuta hewa. Badilisha resi kidogo, rudi utue, usiimalizie safari. Na usishuke muda mrefu na resi ya katikati, propela ikipungukiwa mzigo moshi unapanda joto kimya kimya.

*Resi inashuka yenyewe.* Mara nyingi ni mafuta: tundu la hewa kwenye kifuniko cha tenki limeziba, chujio, mpaira, pampu. Angalia kwa mpangilio huo kabla hujagusa kabureta.

*Ndege inavuta upande mmoja.* Usizoee kuishikilia kwa stiki. Pima waya za pande zote, angalia bawa kama limejikunja au mrija umepinda.

*Inakula ranwei ndefu kuliko jana.* Joto, nyasi ndefu zenye umande, tairi laini, au wewe na begi mmeongezeka. Weka alama nusu ya kiwanja, ukifika hapo bado magurudumu yako chini punguza resi usimame.

*Upepo umeongezeka ukiwa juu.* Usisubiri utulie. Tua sasa kwenye shamba lolote lililo wazi ukiwa umeelekea upepo, kaa mbali na upande wa pili wa miti na maghala maana hewa inajiviringisha pale, alafu ukitua usishuke mbio, kaa kwenye kiti uishikilie mpaka mtu aje.

*Unaogopa kuliko wiki iliyopita.* Mpigie mwalimu, lipia saa moja. Kila mwaka baada ya baridi ya huku, ndege ikiwa imelala miezi mitano, mimi nalipia saa mbili kabla sijaigusa yangu.

Kwa mlioko nyumbani mnaoniuliza mkiagiza altralaiti moja kwa kontena itakuwaje: 103 ni ya Marekani tu, haivuki bahari. Kabla hujalipa hata senti nenda mamlaka ya anga, TCAA kama uko Tanzania, KCAA kama uko Kenya, uliza usajili, leseni na wapi unaruhusiwa kuruka, upewe kwa maandishi. Mlioko Uingereza leseni kamili ya maikrolaiti, ndo jina la vindege vyepesi kule, inaanzia saa 25, kumi kati ya hizo peke yako. Na kama utakuja kutembea Minnesota kati ya mwezi wa tano na wa tisa nitafute, nitakupeleka kwa mwalimu wangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, njoo na koti hata kama ni kiangazi.